Mistari Saba ya Daftari la Maziwa

Tarehe kumi na nane ya mfungo tatu, mwezi wa hija, siku ya Jumatatu, nilimpoteza mtoto wangu wa kike. Alikuwa na umri wa siku kumi na moja. Alishapewa jina na nywele zake zilishanyolewa. Jumamosi alianza kukataa ziwa, Jumapili akashikwa na homa, na Jumatatu kabla ya adhuhuri akawa hayupo. Tulimzika siku ile ile, karibu na kaburi la babu yake mume wangu. Nimeanza na habari hii kwa sababu yote yaliyofuata yalitokana na maziwa aliyoyaacha.

Kwetu aliyezaa hukaa ndani siku arubaini, mtoto awe hai au asiwe hai. Mimi nilitoka siku ya ishirini na tano. Majirani walisema, na walikuwa na haki ya kusema. Nilikuwa na mtoto mwengine, wa kiume, miaka mitatu, ambaye kila asubuhi alikwenda kutazama pale kitandani alipokuwa akilazwa mdogo wake. Nikamwacha kwa bibi yake nikarudi kazini.

Kazi yangu ilikuwa kufua nguo, na mchana kuwalisha wachanga, katika nyumba ya watoto, nje kidogo ya Wete. Wafadhili wa Ulaya ndio walioijenga na ndio walioilisha. Walikuwemo watoto kumi na tisa. Wengi walifiwa na wazazi, wachache wazazi wao walikuwa hai lakini hawakuwarudia. Kila mtoto alikuwa na mfadhili wake huko Ulaya, mtu mmoja mwenye picha yake na anayeandikiwa barua moja kwa mwaka. Mkuu wa nyumba alikuwa mwanamke wa makamo, hakuzaa, na sote tulimwita Bi Mkubwa.

Nilipokuwa ndani na msiba wangu, kililetwa kitoto kichanga kutoka upande wa Micheweni. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Watu wake walisema hawana wa kumnyonyesha, wakaondoka. Alikuwa msichana. Siku niliyorudi alikuwa na wiki tatu, kwa hivyo walikuwa sawasawa yeye na wangu, wamepishana siku chache tu.

Mfadhili aliyempata alikuwa mama mmoja mtu mzima, na kitu cha kwanza alichotuma kilikuwa maziwa ya makopo. Yalikaa katika kabati lenye kufuli. Kwa watoto wachanga wafadhili walitaka pia daftari. Kila mtoto anapolishwa huandikwa saa, kiasi, na jina la aliyemlisha. Kulikuwa na sharti jengine, kwamba mlezi asinyonyeshe mtoto wa nyumba. Waliogopa maradhi, na sikuona ubaya wa sharti hilo.

Haikupita wiki, makopo yakaisha. Bi Mkubwa alipiga simu Unguja, akaambiwa mzigo uko bandarini unangoja karatasi. Madukani Wete siku zile hapakuwa na maziwa ya mtoto wa umri ule. Yalikuwepo ya kutilia chai, na muuguzi alishatukataza. Mwenzangu wa zamu ya usiku alimpa maji ya sukari na maji ya wali. Mtoto alikuwa anayatema.

Siku ya kwanza, saa sita mchana, nilikuwa naanika. Kila alipolia, gauni langu lilirowa kifuani. Mama mkwe alikuwa amenifundisha kuyakamua maziwa na kuyamwaga mbali na sisimizi, na mimi nilikuwa nikifanya hivyo asubuhi na jioni, kwenye kifuu cha nazi. Siku hiyo nilimchukua mtoto, nikaingia naye chumba cha kuwekea mashuka, nikafunga mlango, nikakaa juu ya furushi la nguo chafu. Sikuwaza jambo kubwa. Ziwa lilikuwa linauma na mtoto alikuwa analia, basi. Alinyonya mpaka akaliachia mwenyewe, akalala kinywa wazi.

Saa tisa nikamnyonyesha tena. Siku ya pili mara tatu, saa mbili, saa sita na saa tisa. Hiyo ya saa sita Bi Mkubwa alifungua mlango kutafuta shuka. Aliniona. Alisimama kidogo, kisha akaurudisha mlango taratibu. Baadaye aliniuliza tu, "Umeshafua yale mapazia?" Siku ya tatu nilimnyonyesha saa mbili na saa sita. Saa tisa gari ikafika na makopo.

Kwa hivyo ilikuwa mara saba, na kila mara alishiba. Nilihesabu wakati ule na nimehesabu mara nyingi tangu hapo, sijapata hesabu nyengine.

Pamoja na makopo ilikuja habari kwamba wafadhili watachukua nakala za daftari wiki ile. Bi Mkubwa aliniita ofisini. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na pale kwenye siku tatu palikuwa patupu.

"Pajaze," akaniambia, akanipa kalamu yake ya wino wa kijani.

"Nijaze nini?"

"Maziwa ya kopo, wakia tatu. Wenzetu wakiona nafasi hivi watadhani mtoto kashinda na njaa."

"Si wanajua mzigo ulichelewa?"

"Mzigo wanaujua. Njaa hawaijui, wala kwamba kabati lilikuwa tupu."

Nimesoma mpaka darasa la saba na mwandiko wangu unalalia kushoto. Nilijaza mistari saba ya mchana, wa zamu ya usiku akajaza yake. Mwisho wa kila mstari niliandika jina langu kuwa ndimi niliyemlisha. Hilo halikuwa uongo. Uongo ulikuwa neno kopo.

Lazima niseme kwamba nilijua nilichofanya. Kila mwanamke wa kwetu anakijua tangu chuoni, anapojifunza dini. Mtoto mchanga akinyonya kwako akashiba, ikafika mara tano, huyo ni mwanao wa ziwa. Watoto wako wanakuwa nduguze kama waliozaliwa pamoja, na haoani nao. Mwenye kunyonyesha anatakiwa aseme, ili watu wajue na wakumbuke baada yake. Mimi sikusema. Mwanzo niliogopa kufukuzwa kazi kwa sababu ya sharti la wafadhili. Baadaye mume wangu alishikwa na maradhi, nikaacha kazi nimuuguze, na yule mtoto hakuwa tena mbele ya macho yangu. Mume wangu alifariki sijamwambia. Mwanangu alikuwa mtoto, na mtoto hafikiriwi mambo ya ndoa. Miaka ilikwenda.

Msichana alikua palepale. Kila mwaka alipigwa picha na kuandika barua ya kumshukuru mfadhili wake. Alipomaliza skuli mfadhili alimnunulia cherehani, naye akawa anawafundisha wadogo kushona. Mwanangu alijifunza uashi. Alipofika miaka ishirini na mitano, wafadhili walitoa msaada wa kujenga jiko jipya la nyumba ile, na fundi mkubwa aliyepewa kazi akamchukua mwanangu.

Kazi ilikuwa ya miezi miwili. Mwezi wa kwanza haujaisha, alirudi akiwa na saruji mpaka kwenye nyusi, akakaa ukumbini bila kunawa.

"Mama, nimeona mtu."

"Watu wengi."

"Huyu mmoja."

"Wa wapi?"

"Palepale kazini. Anayewafundisha wenziwe cherehani. Kila nikipandisha tofali ananicheka. Ati ukuta wangu umeinama kama mzee anayetafuta makubadhi yake."

"Na umeinama?"

"Kidogo," akasema, akacheka. "Nimeuvunja nikaanza upya. Sasa anasema mzee kayapata."

Nilimwambia asubiri kwanza. Akauliza asubiri nini, hata saruji haigandi miaka ishirini na mitano. Nikamwambia anawe. Nilikaa na jambo hilo siku tisa, na sina udhuru wa siku hizo tisa. Katika siku hizo alishamwambia ami yake, ami akafurahi, na barua ya posa ikaanza kutafutiwa bahasha.

Siku ya kumi nilikwenda kwa Bi Mkubwa. Amezeeka, lakini nyumba ile bado iko mikononi mwake. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo.

"Mwanangu anamtaka yule msichana wa cherehani."

"Najua. Heri hiyo. Keshapigiwa simu mfadhili wake, na mfadhili keshatuma kitambaa cha harusi, kipo njiani."

"Bi Mkubwa, nilimnyonyesha."

Aliendelea kuchagua mchele. "Mara ngapi?"

"Saba."

"Nani alihesabu?"

"Mie."

"Basi hesabu upya. Ukipata nne, wataoana."

"Nikihesabu upya ni saba."

Akauweka ungo chini. "Sikiliza, bibi weye. Mtoto huyu hana kwao. Miaka yote hii nasomesha, navisha, naandika barua Ulaya, natafuta nini? Apate kwao. Leo kapapata, tena kwa kijana mwenye kazi ya mikono, na mama mkwe anayemjua tangu mchanga. Unataka kumnyang'anya kwa matone?"

"Uliniona, Bi Mkubwa. Ulifungua mlango."

"Nilikuwa natafuta shuka," akasema. "Na daftari linasema kopo. Mwandiko ni wako."

Siandiki hivi kumlaumu. Alimpenda yule mtoto, na nadhani alikuwa akiniomba kitu ambacho yeye angekifanya.

Kesho yake asubuhi nilimwambia mwanangu. Nilimwambia yote, kuanzia msiba, kwa sababu bila ya msiba isingeeleweka. Hakupaza sauti. Aliuliza daftari liko wapi, akaondoka, na baada ya saa moja akarudi nalo. Bi Mkubwa alikuwa amempa mwenyewe. Alikaa barazani akalifungua kwenye ukurasa ule. Kidole chake kilikuwa na alama ya chokaa.

"Mama, hapa umeandika kopo."

"Niliandika uongo."

"Na sasa?"

"Sasa nasema kweli."

"Nitajuaje ipi ni ipi?"

Nilikaa karibu yake nikamfunulia kurasa za nyuma na za mbele. Kila mstari ulikuwa na wino wake, huu wa buluu, huu mweusi, huu wa penseli, kwa sababu tuliandika kwa chochote kilichokuwa karibu, mtoto akiwa mkononi. Kurasa zilikuwa na madoa. Maziwa yalikuwa yakimwagika tunapopima, na karatasi ilijikunja pale yalipokauka. Ile mistari saba yote ilikuwa ya kijani. Ilikuwa imenyooka, na karibu yake hapakuwa na doa hata moja. Alipitisha kidole chenye chokaa juu ya karatasi, mara mbili. Kisha akalifunga.

"Twende kwa Shehe," akasema.

Shehe alitupokea msikitini, upande wa nje, baada ya sala ya alasiri. Aliniuliza maswali machache. Mtoto alikuwa na umri gani? Alishiba? Mara ngapi? Nikajibu. Akauliza kama kuna mwengine aliyeshuhudia. Nikasema hakuna atakayesema. Akatazama daftari, akasoma mstari mmoja kwa sauti, "Maziwa ya kopo, wakia tatu," akatikisa kichwa.

"Bi, kwa neno la mwanamke mmoja mie siwezi kusimama mbele ya watu nikasema posa imevunjika. Na hapa karatasi inakukanusha, tena kwa mkono wako." Akamgeukia mwanangu. "Lakini weye ni mwanawe. Unamsadiki mama'ako?"

Hapo ndipo jambo lote lilipokuwa. Angesema ana shaka, angeweza kwenda kwengine akapata wa kumfungia ndoa, na mimi ningebaki na hesabu yangu peke yangu. Watoto wa chuo walikuwa wanapita na mbao zao.

"Namsadiki," akasema.

"Basi yule ni dada'ako," Shehe akasema. "Anaweza kuingia kwenu akakaa kichwa wazi mbele yako. Unaweza kusafiri naye. Akifiwa, utasimama. Kumuoa tu ndiko kusikokuwepo."

Njiani mwanangu alitangulia mbele yangu, na sikujaribu kumfikia. Baada ya siku nne alimaliza ukuta uliobaki, akachukua meli kwenda Unguja kutafuta kazi.

Msichana nilimwambia mimi mwenyewe. Nilimkuta anashona sare. Alikiacha kipande kikiwa nusu chini ya sindano, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo niliwahi kunyonya," akasema.

"Ndiyo."

"Mie siku zote nimeambiwa nimelelewa na makopo. Hata picha ipo." Ilikuwepo kweli, katika sanduku lake. Yeye yuko juu ya mkeka, na pembeni makopo yamepangwa kama mnara. Wafadhili walikuwa wameipenda sana picha hiyo. "Na huyo wako aliitwa nani?"

Nikamwambia jina. Alilirudia mara moja, kama mtu anayejaribu nguo, kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Ungesema nilipokuwa na miaka kumi, nisingemtazama." Akaanza kukanyaga pedeli. Alisema kweli. Nilikaa pale mpaka sare ilipomalizika, nikarudi nyumbani.

Iliyobaki ilikuwa barua ya Ulaya. Kitambaa cha harusi kilishafika, cheupe, kizito, si cha joto letu. Bi Mkubwa alitaka waandike tu kwamba harusi imeahirishwa. Msichana alikataa. Alisema ameshamwandikia yule mama barua kumi na sita na hataki ya kumi na saba iwe kama daftari. Aliandika Kiswahili, akaeleza siku tatu zile, akaeleza ziwa, na mwalimu wa skuli akaitafsiri. Mimi niliitwa nithibitishe hesabu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Bi Mkubwa alitusomea. Mfadhili aliandika kwamba hakuwahi kuambiwa kuwa makopo yaliisha, na angelijua angeyatuma mapema zaidi, na anaomba radhi kwa siku tatu hizo. Alinishukuru mimi, akiniita yule mwanamke mwema. Mwisho akasema hajafahamu kwa nini vijana wasioane, maana si ndugu wa damu, na kama pana wasiwasi yuko tayari kutulipia kipimo cha damu hospitali.

Msichana akashika shavu. "Sasa huyu nitamuelezaje?"

"Mwambie kwetu hata maziwa yanapimwa," Bi Mkubwa akasema.

"Yanapimwa na nani?"

"Na huyu," akaninyooshea kidole, "na hakosei, Mungu amsamehe."

Walicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia msichana akicheka tangu siku ile. Bi Mkubwa alipangusa miwani yake. Daftari nililirudisha mwenyewe kabatini. Hajaniambia kwamba aliniona, na mimi sijamuuliza tena.

Miezi iliyofuata msichana hakuja kwangu, na mwanangu hakuandika. Alituma tu salamu kwa mdomo, kwa watu wanaorudi. Nilikuwa nikienda kwenye kaburi dogo kama kawaida yangu. Mara moja nilikuta magugu yameshang'olewa. Sijui ni nani, na sikuuliza.

Siku ya tatu ya Idi, asubuhi, msichana alipiga hodi. Alileta sahani ya visheti kutoka nyumba ya watoto na salamu za Bi Mkubwa. Tukanywa chai. Halafu akasema nywele zake zimefumuka na kule kila mtu ana kazi. Nikamwambia akae chini. Alivua mtandio akauweka juu ya kiti, akakaa kwenye mkeka baina ya magoti yangu, nikaanza kumsuka. Nywele zake ni laini na zinateleza. Aliniuliza kama wangu alizaliwa na nywele nyingi, nikamwambia nyingi, mpaka masikioni.

Nilikuwa nimefika utosini mlango uliposukumwa. Mwanangu hakupiga hodi, hakuna anayepiga hodi kwa mama'ake. Alikuwa na begi begani. Hakuwa ametuma habari kwamba anakuja. Alisimama pale, akamwona.

Mkono wa msichana ulikwenda kwenye mtandio. Ulifika kitini, ukaushika upindo, ukakaa hapo. Kisha akauachia, akarudisha mkono mapajani. Kichwa chake kilibaki wazi, upande umesukwa na upande haujasukwa.

Mwanangu alitua begi. Alinisalimia mimi kwanza, nikaitikia. Halafu akamtazama yeye.

"Imebaki chai?" akauliza.

"Ipo," msichana akasema. "Imepoa."

"Nipe hivyo hivyo."

Aliinuka, akammiminia.